Minde Hana Banda

Mchezaji wa Planet Zoo anayetaka kufuga bongo huanza na kiwanja kitupu. Anazungusha uzio, anapanda miti, anatandaza udongo na majani, anachimba bwawa, anajenga banda la kukingia mvua, kisha anamleta mnyama mwenyewe: mwili wa rangi ya kutu, mistari myeupe ikishuka ubavuni, pembe nene zilizojipinda kwa dume na kwa jike. Bongo ndiye mkubwa kuliko wenzake wote wa jamii ya swala wanaoishi msituni, na wapo wanaomwita ndongoro. Mchezo huo ulitolewa Novemba 2019 na kampuni ya Frontier Developments ya Cambridge, Uingereza, miaka 18 baada ya Zoo Tycoon, kazi ya Blue Fang Games na Microsoft iliyowazoesha watu kuendesha bustani ya wanyama wakiwa wameketi mbele ya kompyuta. Ni mchezo uliofikiriwa kwa makini, na unastahili kuchukuliwa kwa uzito, kwa sababu kwa vijana wengi, wa Tanzania wakiwamo, bongo wa kwenye skrini ndiye swala wa msituni wa kwanza na pengine wa pekee watakayemwona maishani.

Mfugaji wa Kisiba, bondeni chini ya Mlima Rungwe, aliyezoea kumkatia majani ng'ombe wake wa maziwa na kumpelekea bandani, angeelewa upesi mchezo huu unadai nini. Bongo akipewa eneo dogo, hali yake inashuka. Akikosa vichaka vya kutosha, inashuka. Joto na baridi vinapimwa, mimea isiyo ya kwao inapunguza alama, na samadi isipozolewa maradhi yanaingia. Jambo linalopendeza zaidi ni kwamba macho ya watazamaji na kelele zao humtia mnyama wasiwasi, na mchezaji hulazimika kumwachia mahali pa kujitenga au kuweka kioo ambacho watu huona ndani lakini mnyama haoni nje. Aliyetunga kanuni hiyo alijua anachokifanya. Swala pala wa nyika huishi kwa macho na kwa wingi: kundi zima hutazama, simba huonekana kwa mbali, miguu hufanya kazi yake. Mwenzake wa msituni haoni zaidi ya hatua chache mbele, kwa hiyo maisha yake yote yamejengwa juu ya kutoonekana. Husimama tuli, hunusa, husikiliza, kisha hutumbukia kichakani. Makaburu waliwapa swala wadogo wa vichakani jina lenye maana ya mzamiaji, na hilo ndilo wazungumzaji wa Kiingereza wanalotumia hadi leo. Bongo naye, pamoja na ukubwa wake, hulaza pembe mgongoni anapopenya kwenye miti iliyosongamana. Kwa wanyama kama hawa faragha ni hitaji la uhai, sawa na maji.

Mchezo unafundisha pia kwamba idadi peke yake haitoshi. Kila mnyama ana vinasaba vyake, na mchezaji anayeacha ndugu wazaliane atapata vizazi dhaifu, visivyozaa vizuri, vinavyougua haraka. Mwenye mbuzi na beberu mmoja kwa miaka mingi analijua hilo bila kompyuta. Bongo wa milimani wanaofugwa Marekani na Ulaya wametokana na wanyama wachache waliokamatwa katika milima ya Kenya miaka ya 1960 na 1970, na ndiyo sababu bustani zinazowafuga huweka vitabu vya nasaba na kubadilishana madume kutoka nchi hadi nchi. Kijana anayejifunza hesabu hiyo akiwa na miaka 14 amejifunza jambo la kweli.

Sasa tuwahesabu watu waliomo katika mchezo. Yupo mhudumu anayeleta chakula. Yupo daktari wa mifugo, yupo fundi wa uzio, yupo mtazamaji anayelipa kiingilio. Wapo hata waandamanaji, wanaokuja na mabango pale mnyama anapotunzwa vibaya. Wote wako ndani ya lango. Nje ya lango hakuna shamba, hakuna kijiji, hakuna mbwa, hakuna tanuri la mkaa, wala mtu aliyekuwa akiokota kuni pale ambapo sasa pamezuiwa. Jirani hayumo. Upungufu huo ndio unaobadilisha maana ya neno kutunza, kwa sababu swala wa msituni anayeishi msituni kweli hana mhudumu mwingine zaidi ya huyo jirani. Mahali pazuri pa kulitazama jambo hili ni Mlima Rungwe, unaoonekana kutoka Tukuyu siku mawingu yakiachia, na mnyama wa kulitazama kwake ni minde, swala wa msituni ambaye Planet Zoo haina na bustani za wanyama hazimfugi.

Minde anapatikana Tanzania peke yake. Mmarekani William Louis Abbott alipeleka kwao vielelezo kutoka Kilimanjaro, na mwaka 1890 Frederick True akamwandika katika vitabu vya sayansi kwa jina la Cephalophus spadix. Wazungu wakamwita kwa jina la Abbott, ingawa watu wa milimani walikuwa wamemjua vizazi na vizazi. Ni mnyama mnene, mfupi wa miguu, mwenye uzito unaoweza kufika kilo 50 na zaidi, rangi ya kahawia iliyokolea kukaribia weusi, na shungi la nywele nyekundu utosini linalokaribia kuzifunika pembe zake fupi. Hutembea zaidi usiku. Anaishi katika misitu michache ya milimani: Kilimanjaro, Udzungwa, na huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, Rungwe ikiwamo. Makadirio ya wataalamu yanataja kama 1,500 hivi waliobaki nchini kote, na orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini inamweka katika kundi la walio hatarini kutoweka. Zaidi ya miaka mia moja ilipita tangu aandikwe kabla ya mtu yeyote kumpiga picha akiwa hai porini. Picha ya kwanza ilipatikana mwaka 2003 katika Milima ya Udzungwa, kwa kamera iliyotegwa njiani kwake. Kamera hizo zilileta jambo ambalo wachache wangelitarajia kwa mnyama mla matunda na majani: minde mwenye chura mdomoni.

Tukijiuliza ni kwa nini asikamatwe na kufugwa, jibu linaanza na namna anavyokamatwa. Katika mchezo, mnyama huwekwa ndani ya sanduku kwa kubonyeza, na mara anatokea upande mwingine akiwa mzima. Swala halisi anayekimbizwa na kushikwa kwa nguvu anaweza kufa saa chache au hata siku kadhaa baadaye, kwa sababu misuli yake huharibika kwa hofu na kwa jitihada ya kupita kiasi, na sumu ya misuli hiyo huumiza figo na moyo. Madaktari wa wanyamapori wanaliogopa tatizo hili kuliko yanavyoogopwa meno ya simba. Kwa spishi yenye maelfu, kupoteza wachache katika kujifunza ni hasara inayovumilika. Kwa minde wa mlima mmoja, kila jike anayekufa ndani ya sanduku ni sehemu ya kizazi kizima. Na hata akifika salama, atalishwa nini? Chakula chake kimefungamana na miti inayozaa kwa zamu, na nyani na ndege wanaodondosha matunda kutoka juu, na vijito vyenye vyura. Yeye naye hulipa: mbegu anazozimeza husafiri naye na kuota mbali na mti mama.

Hapa mtetezi wa bustani za wanyama atainua mkono, na hoja yake ni nzito. Atasema kwamba bongo wa milimani leo wako chini ya 100 katika misitu ya Kenya, huko Aberdare, Mlima Kenya, Mau na Eburu, wakati bustani za nje zina mamia yao. Bila mabanda hayo, atasema, tungekuwa tunaelekea kumzika. Ni kweli, na anayependa wanyama hana budi kuzishukuru bustani hizo. Lakini tufuate kisa chenyewe hadi mwisho. Januari 2004 bongo 18 waliozaliwa Marekani walirudishwa Kenya na kupelekwa katika hifadhi ya Mount Kenya Wildlife Conservancy karibu na Nanyuki. Kundi la kwanza la vizazi vyao lilifunguliwa mlango wa kuingia katika msitu wa Mawingu, nao umezungushiwa uzio, Machi 2022. Hiyo ni miaka 18. Februari 2025 wengine 17 walitua usiku uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta kutoka Florida na kusafirishwa hadi kaunti ya Meru, waanze nao safari hiyo hiyo ndefu. Katika Planet Zoo, kitufe cha kumwachia mnyama porini kinafanya kazi mara moja: mnyama anatoweka kwenye skrini, mchezaji anapata alama za uhifadhi, na hakuna anayeuliza zaidi.

Kilichofanya miaka yote hiyo ipite kinaeleweka vizuri Rungwe kuliko Cambridge. Mmoja wa maadui wa bongo anayerudi ni kupe. Wafugaji wanaijua ndigana kali: ng'ombe wa asili aliyeumwa na kupe tangu udogoni huistahimili, na ng'ombe wa kigeni aliyeletwa ukubwani huanguka. Bongo aliyezaliwa Florida, kizazi cha tatu au cha nne mbali na kupe wa Afrika, yuko katika hali ya huyo ng'ombe wa kigeni. Uzio uliomlinda ndio uliomnyang'anya kinga. Adui wa pili ni hofu iliyopungua, kwa sababu mnyama aliyezoea sauti ya mhudumu na ndoo ya chakula hakimbii anapomsikia mtu. Wa tatu ni msitu wenyewe. Bongo walipungua kwa sababu ya sotoka, majangili, mbwa, mitego ya nyaya, ukataji miti na mifugo iliyoingia msituni, na banda la Marekani haliwezi kuondoa hata kimoja kati ya hivyo. Kwa hiyo kisa cha bongo hakimpi mtetezi wa mabanda ushindi anaoudhani. Banda lilihifadhi damu. Kazi ya kumfanya bongo awe tena mnyama wa Aberdare ilibaki palepale ilipokuwa mwaka 1970, mikononi mwa watu wanaoishi kandokando ya msitu. Minde hana hata akiba hiyo ya damu nchi za nje; msitu ukimshindwa, hakuna ndege ya Florida itakayokuja.

Msitu wenyewe haupandwi kwa dakika tano kama ule wa kwenye skrini. Kisiba ina ushahidi wake wa jambo hili, kwa sababu matope ya chini ya ziwa lake la kreta, ambalo wengi hulijua kwa jina la Masoko, yamechimbuliwa na wanasayansi na kukutwa yametunza chavua na majivu ya zaidi ya miaka 40,000. Katika tabaka hizo unasoma jinsi uoto ulivyobadilika mvua ilipoongezeka na ilipopungua, polepole, kwa muda ambao maisha ya mtu mmoja hayawezi kuupima. Mnyama aliyefuata mabadiliko hayo hadi akabaki juu ya milima michache hawezi kuhamishwa na kupewa mahali pengine kana kwamba misitu ni vyumba vya kupangisha.

Ushahidi ulio wazi zaidi kwamba utunzaji wa msituni unawezekana unatoka juu ya mlima huohuo. Mwaka 2003 watafiti wa shirika la uhifadhi la WCS waliokuwa wakizungumza na wawindaji wa Kinyakyusa kuhusu wanyama wa Rungwe walisikia habari za nyani mwenye haya aitwaye kipunji. Waliposikia mara ya kwanza hawakuwa na hakika kama ni mnyama wa kweli au wa hadithi. Mwaka huohuo wakamwona, na mwaka 2005 jarida la Science likatangaza spishi mpya, Watanzania Noah Mpunga na Sophy Machaga wakiwa miongoni mwa waandishi. Mwaka uliofuata akapewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus, kwa jina la mlima. Hesabu ya kwanza ya nchi nzima, iliyotolewa mwaka 2008, ilikuta kipunji 1,117. Hesabu iliyofuata baada ya zaidi ya miaka kumi ilikaribia 2,000. Kati ya hesabu hizo mbili hakuna banda lililojengwa wala kipunji aliyezalishwa utumwani. Kilichofanyika ni kwamba Kitulo ilikuwa hifadhi ya taifa tangu 2005, Mlima Rungwe ukatangazwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2009, doria zikafanyika, mitego ikang'olewa, shule na vijiji vikafundishwa. Kumbuka pia nani alitoa habari ya kwanza. Majirani ndio waliokuwa na maarifa. Ndani ya msitu wao mnyama huyu hakuwa mpya hata kidogo.

Bila shaka kipunji na minde hawafanani katika hatari zao. Kipunji hukaa juu ya miti, na mtego wa chini humpata kwa nadra. Minde hupita chini, kwenye njia zilezile kila usiku, na waya mmoja uliofungwa kwenye mche unaweza kumkamata hata kama aliyeutega alimkusudia funo. Doria inayotosha kwa kipunji huenda isitoshe kwake. Lakini tofauti hiyo inaongeza uzito wa hoja, kwa kuwa mtego hauonekani kwa anayepita na gari, wala kwa setilaiti. Anayejua umetegwa wapi ni aliyeutega na jirani yake.

Lipo pingamizi jingine, na hili linatoka nyumbani. Kwa nini mtu mwenye shamba dogo la chai au migomba aingie gharama kwa ajili ya mnyama asiyemwona, anayetembea usiku, ambaye nyama yake ingekuwa kitoweo cha wiki? Mchezo haujui swali hili, kwa sababu kila kitu ndani yake hulipiwa na watazamaji, na minde hana watazamaji. Hata mtalii mwenye subira ataondoka Rungwe bila kumwona. Jibu la kawaida ni maji, na ni jibu la kweli: mito inayoshuka mlimani kuelekea Ziwa Nyasa, Kiwira ukiwa mmojawapo, inalishwa na msitu unaoshika mawingu na mvua za Tukuyu. Hata hivyo si haki kumwambia mtu wa kijiji cha juu abebe gharama yote kwa faida ya walio chini. Kisiba haiko mlangoni mwa msitu. Iko bondeni, kwenye joto, na inakunywa na kulima kwa mvua za mlima huohuo. Mkaa, mbao na nyama ya porini vikishuka, vinashuka kuelekea masoko ya watu wa namna hii, na anayenunua naye ni jirani wa minde kama alivyo anayekaa kando ya mpaka. Haki inadai mgawo: ajira za doria ziende kwanza kwa vijana wa vijiji vinavyopakana na hifadhi, miche ya kuni na mbao itolewe kwao, na sehemu ya fedha inayotokana na maji irudi juu yanakotoka. Asiyetaka kulipa hayo asishangae mitego ikiendelea kutegwa.

Atakayesema kwamba haya ni mengi mno kuudai mchezo wa kompyuta, na ajibiwe kwamba watunzi wake wameshaonyesha wanaweza. Kama waliweza kuandika kanuni ya hofu ya mnyama mbele ya macho ya watu, na kanuni ya ndugu kuzaliana, wanaweza kuandika kanuni ya jirani. Vijana wa Tanzania wanaojifunza kutengeneza programu wanaweza kuwatangulia. Ramani yake ipo tayari: Mlima Rungwe upande mmoja, misitu ya Livingstone ndani ya Kitulo upande wa pili, na katikati ukanda mwembamba wa Bujingijila, mahali ambapo misitu hiyo miwili inakaribiana na ambapo mashamba yanaweza kuikatia mawasiliano kabisa. Mchezaji asingekuwa na uzio wala kioo. Angekuwa na miche, mishahara ya walinzi wachache, vikao vya vijiji, bei ya mkaa inayopanda na kushuka, na misimu ya matunda. Minde asingeonekana kwenye skrini yake kwa muda mrefu, pengine kwa muda wote wa mchezo. Kungekuwa na alama ya kwato kwenye tope la kijito, kisha usiku mmoja, saa tisa, kamera iliyofungwa kwenye shina la mti wa Bujingijila ingewaka, na kwenye picha, nusu ndani ya giza, kungekuwa na mgongo mweusi na shungi jekundu likivuka kutoka msitu mmoja kwenda mwingine.